Barua ya malalamiko: mlio wa injini ambao hamkuusikiliza

Busia, Uganda
20 Juni

Kwa Meneja wa Huduma,
Gereji yenu, Kampala.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UCHUNGUZI WA INJINI, TOYOTA CORONA YA MWAKA 1994

Ndugu Meneja,

Mimi ni mshonaji wa sare za shule hapa Busia. Gari langu ni Corona ya 1994 yenye injini ya 4A, na ndilo linalofikisha kazi yangu Tororo, Iganga na Jinja kila muhula unapofunguliwa. Ni gari la zamani, najua. Tangu 2018 sheria imezuia kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, kwa hiyo siwezi kuagiza jingine kama hili. Nalitunza kwa sababu hiyo.

Mwanzoni mwa mwezi huu, nikiingia Iganga, injini ilianza kugonga. Ulikuwa mlio mzito, ko-ko-ko, kama mtu anayebisha mlango wa bati kwa kifundo cha kidole. Sikukimbilia kwa fundi siku hiyo hiyo. Nilisikiliza kwanza, nikaandika katika daftari langu la vipimo: mlio unatoka upande wa kulia, upande wa fenibelti, unasikika zaidi injini ikinguruma taratibu bila kukanyaga mafuta, nikikanyaga mafuta kidogo unapungua, nikiwasha taa kubwa na feni unaongezeka. Oili ilikuwa imejaa na taa yake haikuwaka hata mara moja.

Daftari hilo nilikuja nalo kwenu. Kijana wa mapokezi hakulitazama. Kwenye fomu aliandika maneno mawili tu, "kelele injini". Nilipojaribu kumweleza fundi, alinijibu, "Mama, wewe endesha tu, mambo ya injini tuachie sisi." Niliwaachia. Nikasimama nyuma ya kioo cha chumba cha wateja nikitazama. Boneti lilifunguliwa, injini ikawashwa, fundi akainama, akaongeza moto mara mbili, akazima. Kisha akaja kuniambia kwamba konrodi, mkono wa chuma unaosukumwa na pistoni ndani ya injini, imekwisha, injini ni ya kubadilisha, shilingi 2,800,000 pamoja na kazi, na kwamba gari lisitembee hata mita moja.

Nilipokwenda kuchukua mkoba wangu ndani ya gari niliangalia kifuniko cha oili. Vumbi jekundu la barabarani lilikuwa bado limekikalia, halina alama ya kidole. Mtu amesema injini yangu imekufa kwa ndani, na oili yake hakuiona.

Risiti mliyonipa inasema "uchunguzi wa kompyuta, shilingi 80,000". Ndugu Meneja, naomba mnieleze kompyuta hiyo mliichomeka wapi. Soketi ya pini 16 inayotumiwa na mashine hizo ililazimishwa Marekani kwa magari ya mwaka 1996. Corona yangu ya Japani ya 1994 haina. Ina kiboksi chake chini ya boneti, na hitilafu husomwa kwa kuhesabu mwako wa taa ya injini kwenye dashibodi. Hata ingekuwa na soketi, konrodi inayogonga ni chuma kinachogonga chuma, na hutambuliwa kwa sikio na mikono.

Nililiamini neno lenu. Kama kweli ingekuwa konrodi, ushauri wa kutoliendesha ulikuwa sahihi, maana inaweza kutoboa bloku, yaani mwili wa injini. Kwa hiyo nilikodi gari la kuvuta hadi Busia kwa shilingi 600,000, pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya vitambaa.

Hapa Busia nina mzee mmoja, fundi wa malori ya mpakani tangu ujana wake. Kabla ya kushika spana aliniuliza, "Mwanangu, mlio wenyewe unasikika wakati gani?" Nilimpa daftari, akalisoma lote. Alimwaga oili kidogo juu ya kitambaa cheupe, akapitisha sumaku. Hakuna hata chembe ya chuma iliyonasa. Akawasha injini, akachomoa waya za plagi moja baada ya nyingine. Konrodi ikiwa mbovu, alisema, ukizima silinda yake mlio hulegea. Alizizunguka zote nne, mlio haukubadilika. Akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, akasogea taratibu mpaka upande ule ule wa kulia niliouandika.

Ndipo akavua tairi la mbele la kulia na plastiki ya kukinga matope. Nyuma yake kuna puli ya krenki, gurudumu linalozungusha fenibelti kwenye ncha ya mhimili mkuu wa injini. Puli hiyo si kipande kimoja: kuna kitovu cha ndani, kuna duara la nje, na katikati raba iliyokandamizwa ili kumeza mtikisiko. Alichora mstari wa chaki kutoka kitovu hadi duara la nje, akawasha, akaongeza moto, akazima. Mstari ulikuwa umekatika, nusu moja imeachana na nyingine kwa upana wa vidole viwili. Raba ilikuwa imekauka na kuachia, duara likawa linacheza na kugonga. Niliona kwa macho yangu, nimechuchumaa kando yake na kanga imejaa matope.

Puli nyingine ilipatikana Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kwa shilingi 90,000. Kazi, 40,000. Injini imetulia, na nimeshakwenda nayo Jinja mara mbili.

Sidai kwamba fundi hakosei. Milio hii miwili hufanana, na mzee mwenyewe aliniambia wengi wameshabadilisha injini nzima kwa sababu ya puli. Ninacholalamikia ni kwamba hamkupima, kisha mkanitoza kwa kupima. Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma inamtaka mtoa huduma afanye kazi yake kwa uangalifu na ujuzi.

Nataka mnirudishie 80,000 za uchunguzi ambao haukufanyika na 600,000 za kuvuta gari, jumla shilingi 680,000, ndani ya siku 14. Nataka pia maelezo kwa maandishi ya vipimo mlivyofanya kabla ya kutaja konrodi. Msiponijibu nitapeleka shauri kwenye utaratibu wa madai madogo mahakamani, unaosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 10.

Puli ya zamani ninayo, nimeifunga kwenye gazeti, na mstari wa chaki bado unaonekana. Fundi wenu akitaka kuiona, nitamletea.

Wenu,
Mteja, mwenye Corona nyeupe,
Busia.