Agosti 7 haitoshi mstari mmoja

Mhariri,

Safu za "siku kama ya leo" huimaliza Agosti 7 kwa maneno matatu: bomu, Nairobi, 1998. Inaniuma. Ijumaa ile, balozi za Marekani zilipolipuliwa kwa mabomu, walikufa zaidi ya watu 200 hapa kwetu na 11 Dar es Salaam, ndugu zetu ambao huku hatuwataji kabisa. Kwenye bustani ya ukumbusho, Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, nilimwona mama akipangusa vumbi kwenye jina moja ukutani kwa ncha ya leso. Jina moja tu, polepole.

Tarehe hiyohiyo, 1932, alizaliwa Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 akikimbia pekupeku. Wanetu wasimuliwe hayo pia. Tafadhali, mwaka huu ipeni ukurasa mzima.

Msomaji wenu,
Eastlands, Nairobi