Baring wa Benki na Baring wa Nairobi

Mpendwa ndugu Kamau,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa wote wa hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo, ingawa mvua imetusahau. Nimekawia kukujibu kwa sababu uliponiandikia kwamba Mwalimu Mutiso anakana katakata uhusiano wowote kati ya Gavana Evelyn Baring wa Kenya ya kikoloni, aliyetangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 1952, na benki ya Barings ya London, sikutaka kukujibu kwa kubahatisha.

Mwambie ni ukoo mmoja. John Baring alitoka Bremen mwaka 1717 akaingia katika biashara ya sufu mjini Exeter, na mwanawe Francis, licha ya uziwi wake, akaanzisha London mwaka 1762 nyumba ya biashara iliyokuja kuwa benki ya Barings. Gavana wetu ni kitukuu wa Francis huyo. Baba yake, Lord Cromer, alipelekwa Misri mwaka 1877 kusimamia madeni ya nchi hiyo, na kuanzia 1883 hadi 1907 akawa ndiye mwenye kauli ya mwisho huko, ijapokuwa Misri ilikuwa na mtawala wake.

Na hawa watu wa benki, ndugu yangu, walimkopesha yeyote! Mwaka 1803 walishirikiana na benki ya Hope ya Amsterdam kuiwezesha Marekani kuinunua Louisiana kutoka kwa Napoleon kwa dola milioni 15, na malipo yakaendelea ilhali Uingereza na Ufaransa zimeshaingia vitani. Mwaka 1890 hati za mikopo ya Argentina zilikosa wanunuzi zikawabakia mikononi, hata Benki ya Uingereza ikalazimika kukusanya dhamana ya mamilioni ya pauni ili wasianguke. Mwaka 1995 hawakupata mwokozi: Nick Leeson, mfanyakazi wao wa Singapore, alipoteza pauni milioni 827, na ING, benki ya Uholanzi, ikainunua benki yao kwa pauni 1, bei ambayo hata chama chetu kingeimudu, lau si yale madeni.

Nikirudi kwa gavana, Mwalimu ana haki kidogo, kwani yeye binafsi hakuwa mwanabenki. Alianzia utumishi wa serikali India. Hata hivyo, sidhani kama jina lile halikumfungulia milango.

Je, ubishi wenu ulianzia wapi? Utamsomea Mwalimu barua hii mbele ya watu, au utamwonea haya? Na babu yako, aliyefungwa katika kambi ya Manyani wakati wa hali ya hatari, aliwahi kumtaja Baring kwa jina, au kwake serikali ilikuwa ni Bwana DC tu? Muulize, tafadhali, kisha uniandikie maneno yake kama atakavyoyasema.

Wako,
Musyoka