Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa yetu: turudishieni bao letu

Mheshimiwa Mkurugenzi, salamu. Natumaini wewe na familia hamjambo, sisi huku kijiweni tungesema hatujambo lakini tutakuwa tunakudanganya.

Alhamisi iliyopita, saa kumi jioni, mgambo wako walishuka na difenda pale chini ya mwarobaini, jirani na kibanda changu cha viatu. Wazee wawili wanacheza bao, sisi wengine tumewazunguka tunabishana kama kawaida. Hata salamu hakuna. Mmoja akalinyanyua bao na kete zake zote, zikamwagika, zingine zikarukia mtaroni, bao likatupwa nyuma ya gari pamoja na mabenchi mawili na ndala ya mtu. Tumeokota komwe mpaka giza linaingia, tukahesabu kwa tochi ya simu, 51. Bao linataka 64. Hizo 13 ziko kwenye maji machafu ya mtaro wako Mheshimiwa, ambao nao uliahidi kuuzibua lakini leo sio siku ya mtaro.

Tukauliza kosa letu nini, tukajibiwa kamari.

Mimi nimeishia la saba ila hili naweza kukueleza. Bao halina dadu wala karata ya kuficha. Mashimo 32, safu nne za nane nane, kila mtu ana kete 32, kumi anazipanga, sita kwenye nyumba, lile shimo kuu la kila upande, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, 22 anabaki nazo mkononi anazinamua, yaani anaziingiza mchezoni moja moja. Kila kitu kiko wazi mbele ya macho yenu wote, kilichofichika ni kile kilichoko kichwani mwa mwenzako tu, ukifungwa umefungwa na akili ya mtu. Sasa hapo kubahatisha kuko wapi? Dau letu ni aliyefungwa anyanyuke kwenye benchi ampishe mwingine, tukizidi sana kikombe cha kahawa.

Halafu hatua kama 20 kutoka pale kuna mashine ya dubwi, kamari yenyewe ile, wanafunzi na sare zao wanatumbukiza hela za nauli mpaka jua linazama. Difenda iliipita ile mashine kwenda na kurudi. Labda hawakuiona, maana ina taa za rangi zote na inaimba.

Wapo wanaosema kuna mtu analitaka lile eneo aweke kontena, wapo wanaosema kuna wageni wanapita barabara ile hivi karibuni kwa hiyo sisi ni uchafu, mimi sijui, nasema ninachosikia.

Ila kuna ninachokikumbuka vizuri. Mwaka juzi siku ya Nyerere ulisimama pale pale chini ya mwarobaini na kipaza sauti ukasema bao ni urithi, Mwalimu mwenyewe alikuwa anacheza, na kwamba utatujengea banda la bati tusinyeshewe. Tukapiga makofi. Ukakaa ukacheza, ukapigwa picha umeshinda. Mheshimiwa, samahani, tulikuachia. Na banda mpaka leo hatulioni, kwa lugha ya bao ile ahadi imelala.

Wakazakhi, Wakirgizi na Waturuki wana michezo yao ya kete, ndugu kabisa na bao, tena ya safu mbili tu, na mwaka 2020 ikaandikwa UNESCO kama urithi. Mholanzi Alex de Voogt alikuja Zanzibar akakaa na mafundi wa bao mpaka akaandika tasnifu nzima, 1995, kuhusu vichwa vya wazee hawa vinavyopiga hesabu. Mzungu analeta daftari, wewe unaleta difenda.

Lile bao ni la marehemu baba, la mninga, alilichonga mwenyewe, kichwa cha upande mmoja kina ufa umezibwa na nta. Mzee aliyekuwa anacheza siku ile alipata kiharusi na mkono ulikuwa haufungi, kusambaza kete ndio ilikuwa mazoezi yake, sasa yuko ndani anaangalia ukuta. Na mimi wateja wangu walikuwa wanakuja kuangalia bao ndio wanakumbuka wana kiatu kimeachia soli, tangu Alhamisi nimeshona pea tatu. Tatu Mheshimiwa, na kodi ya kibanda mnaidai nyie nyie.

Nimeshakuja ofisini kwako mara tatu. Mara bosi yuko kikao, mara njoo kesho, mara lipa faini elfu hamsini na ukiomba risiti unaangaliwa kama umetukana. Mara ya tatu nililiona bao lenyewe, limeegemezwa kwenye mlango wa stoo ili usijifunge na upepo. Baba yangu alichonga nyumba ya mraba kwa wiki nzima, leo ni kizuizi cha mlango.

Sasa banda sitaki tena, ahadi naifuta mwenyewe. Mabenchi kaeni nayo. Kete 13 tutatafuta wenyewe. Naomba bao tu, nitakuja kulifuata kwa miguu, hata Jumapili, hata usiku, mlango nitawawekea tofali.

Na yule mwenye ndala anasema ni ya mguu wa kushoto.

Ni mimi, fundi viatu wa pale mwarobaini.