Sakafu ina mwenyewe

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Leo naandika kwa sababu ya ile taarifa ya wiki jana, ya mama aliyeteleza kwenye varanda ya duka siku ya mvua akavunjika mguu. Mliipa kichwa "Ajali haina kinga". Mwandishi wenu alimhoji jirani, akamhoji bawabu, akamhoji na mpita njia aliyesema ni kudra ya Mungu. Mwenye duka hakuulizwa neno. Wala hatukuambiwa varanda ile imetandikwa nini, ilitandikwa na nani, na kama yupo mwingine aliyewahi kuteleza pale kabla ya mama huyu.

Mimi ni Muislamu na kudra naiamini. Lakini maji ya sabuni hayajimwagi wenyewe sakafuni.

Machi 2019 nilimpeleka mama yangu mjini, hapa hapa Mombasa, kufuatilia karatasi za pensheni ya marehemu baba. Alikuwa na miaka 71, mzima wa miguu, sokoni akienda na kurudi na kikapu chake. Tuliingia kwenye lile jengo la ofisi saa tatu asubuhi, wakati watu wamejaa ukumbi wa chini wakisubiri lifti, na katikati yao kijana wa usafi anapiga deki. Vigae vyenyewe ni vile vyeupe vya kung'aa. Maji yalikuwa na sabuni, hayakusuuzwa, yalisambazwa tu huku na huku, na hapakuwa na kibao wala kamba ya kuzuia watu wasipite. Mama alipiga kama hatua tatu kutoka mlangoni. Nilisikia kishindo nyuma yangu. Nilipogeuka alikuwa amelalia ubavu, buibui limerowa, ananiambia, "Niinue mwanangu, watu wananitazama." Hakuweza kuinuka. Picha ya eksirei ilionyesha shingo ya mfupa wa paja imekatika. Alipasuliwa akatiwa chuma, na tangu siku hiyo hatembei bila fremu.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana haya ndiyo ambayo mwandishi wenu angeyakuta kama angeuliza. Meneja wa jengo aliteremka mama akiwa bado yuko chini, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Amevaa viatu gani?" Hakuuliza ameumia wapi, hakuuliza kama gari imeitwa. La pili, akasema buibui ndilo lililomkwaza. Kesho yake nilirudi kutafuta kiatu chake kimoja kilichobaki, nikakuta kibao cha njano kimesimamishwa pale pale alipoanguka, na sakafu kavu! Yule kijana wa usafi, aliyekuwa akipiga deki saa aliyoamrishwa na kwa sabuni aliyopewa, alikuwa ameshafukuzwa. Nilipoomba picha za kamera ya ukumbini niliambiwa zimekwisha futika. Nilipoandika barua, mwenye jengo alinielekeza kwa wasimamizi, wasimamizi wakanielekeza kwa kampuni ya usafi, na kampuni ya usafi ikanijibu kwamba yenyewe inafuata maagizo ya wasimamizi. Kila nilipopiga simu niliambiwa kwa upole kabisa, "Mwalimu, tunalishughulikia." Nikawaamini. Julai 2022 ndipo nilipokwenda kwa wakili, na akaniambia kitu ambacho katika miaka yote ile hakuna aliyenidokezea: Sura ya 22 ya sheria za Kenya inampa mtu miaka mitatu tu kufungua madai ya aina hii, na yangu ilishapita miezi minne. Nilitoka mle nikakaa kwenye ngazi za nje muda mrefu. Nilikuwa nimemnyima mama haki yake kwa kuwa na subira.

Nilirudi kwa wakili yule siku nyingine, bila madai, ili anielimishe tu. Kumbe ipo Sura ya 34, inayohusu mahali na wanaoingia humo. Inasema mwenye mamlaka juu ya mahali ana wajibu wa kuchukua hadhari ya busara ili mgeni wake awe salama kwa lile lililomleta. Inasema pia kwamba kumwonya mtu hakutoshi peke yake. Onyo litamtoa mwenye mahali lawamani pale tu linapomwezesha mgeni kuwa salama kweli. Kibao kilichosimama katikati ya bwawa la sabuni, na njia ni hiyo hiyo moja ya kufika kwenye lifti, kinamsaidia nani? Na mwenye jengo aliyempa fundi kazi ya ujenzi au ukarabati naye anatakiwa awe amehakikisha kwa kadiri ya busara kwamba fundi anaijua kazi na kazi imefanywa sawasawa. Viatu vinahesabiwa, sikatai; hakimu anaweza kupunguza fidia kwa kiasi cha uzembe wa aliyeanguka. Lakini hilo huja baada ya kuulizwa sakafu ilikuwa na hali gani.

Wakili alinisimulia kesi ya Uingereza ya mwaka 1976, ya mwanamke aliyeteleza kwenye mtindi uliomwagika ndani ya supamaketi ya Tesco. Mahakama ya Rufaa ilisema mtindi hauna kazi sakafuni, kwa hiyo ni juu ya duka kueleza lilikuwa na utaratibu gani wa kupangusa. Kilichonigusa ni kwamba mwanamke yule alirudi dukani wiki kama tatu baadaye, akaona maji ya machungwa yamemwagika, na kwa karibu robo saa hakuna aliyekuja kuyafuta. Nilikumbuka kile kibao changu cha njano kwenye sakafu kavu.

Na tukitoka nje hali ni ile ile. Siku hizi kila mwenye duka anatandika varanda yake vigae vya sebuleni, vya kung'aa, mpaka kwenye njia ya miguu, na masika yakianza barabara nzima inakuwa kama imepakwa mlenda. Wazee wetu walipiga sakafu kwa chokaa, haikung'aa, na mtu alitembea juu yake kwa miguu mitupu bila hofu. Ukiikwepa varanda unakutana na mtaro usio na mfuniko, kwa sababu mfuniko wa chuma umeibwa ukauzwa kwa kilo. Mwaka 2022 biashara ya vyuma chakavu ilipigwa marufuku kwa miezi michache kwa ajili ya wizi wa nyaya za umeme na minara yake, ikafunguliwa. Mifuniko ya mitaro hakuna aliyeililia. Anayetumbukia humo usiku naye mtamwandikia kudra.

Vigae vina daraja, na hili mafundi wa kweli wanalijua. Vile vilivyopimwa kwa utelezi huandikwa kwenye katoni R9, R10, hadi R13. R9 ndivyo vinavyoshika mguu kidogo kuliko vyote. Naiomba kaunti isipitishe ramani ya duka wala ofisi yoyote ambayo varanda, ngazi na ukumbi wa mlangoni havijaandikiwa R11 kwenda juu, na mkaguzi aombe kuiona katoni yenyewe. Ukumbi wa umma upigwe deki kabla ya saa moja asubuhi, sabuni isuuzwe kwa maji matupu, na upande mmoja ufungwe hadi ukauke ndipo uoshwe wa pili. Mkono wa ngazi ufike kwenye kidato cha mwisho. Wa jengo lile unaishia vidato viwili juu, nimeuona tena Jumatatu.

Kwa wasomaji wenzangu ambao mzazi wao ameanguka jana: piga picha ya sakafu kabla haijakauka, andika majina ya waliokuwepo, dai picha za kamera kwa barua siku hiyo hiyo, weka viatu vyake visioshwe, na hesabu tarehe. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na ambayo sheria yake inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Ilipoanza kazi Nairobi mwaka 2021, mimi bado nilikuwa ninangoja simu ya meneja.

Na nyinyi, Mhariri, mrudisheni mwandishi wenu kwenye varanda ile. Amuulize mwenye duka ni vigae gani, vilitandikwa lini, na ni wangapi wameanguka hapo. Akikataa kujibu, chapisheni kwamba amekataa.

Mwalimu mstaafu,
Tudor, Mombasa