Risala ya Wananchi wa Kijiji cha Eyam kwa Mgeni Rasmi, Wiki ya Kupamba Visima

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa kijiji na wa kanisa,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima, sisi wananchi wa Eyam, katika jimbo la Derbyshire, Uingereza, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kujumuika nasi.

Kijiji chetu ni cha kale. Mwezi Septemba 1665 tauni iliingia hapa pamoja na kitambaa kilichotoka London. Mchungaji William Mompesson na mtangulizi wake, Thomas Stanley, waliwasihi wananchi wasitoke, ili ugonjwa usienee vijiji vya jirani, na hadi Novemba 1666 watu wapatao 260 walikuwa wamefariki. Wakati huo Earl (yaani mwinyi mkubwa) wa Devonshire, aliyeishi katika jumba la Chatsworth, aliahidi kutuletea chakula, na chakula kikafika mpakani. Tunalitaja hilo kwa makusudi.

Kuhusu mafanikio, tuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1994, na mapambo ya visima kwa petali za maua, ambayo hayana mpinzani Derbyshire nzima, ingawa ndugu zetu wa kijiji cha Tideswell, ambao nao hupamba visima, huenda wakabisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto yetu kubwa ni makazi. Tangu sheria ya mwaka 1980 iwape wapangaji haki ya kununua nyumba za halmashauri, nyumba nyingi za aina hiyo vijijini ziliuzwa na hazikurudishiwa nyingine. Kwa kuwa tumo ndani ya hifadhi ya taifa ya Peak District, ujenzi unabanwa, bei zinapanda, na wenye fedha hununua nyumba za mapumziko ambazo taa zake huwaka mwishoni mwa juma tu. Mwaka 1666 wazee wetu waliombwa wasiondoke, wakabaki. Leo vijana wetu wanaomba kubaki, nao wanalazimika kuondoka.

Ombi hili si geni. Wageni rasmi waliokutangulia walilipokea jukwaani kwa makofi, wakaahidi kulifikisha panapohusika, nasi tunaamini bado liko njiani.

Kwa unyenyekevu tunaomba utusaidie kupata kibali maalumu cha kujenga nyumba chache za kupangisha kwa bei nafuu pembezoni mwa kijiji, kwa sharti kwamba zibaki za wenyeji daima na zisiuzwe kamwe. Tunaomba pia jibu la maandishi, lenye tarehe, kwa kuwa majibu ya mdomo tunayo ya kutosha.

Tunaomba kuwasilisha.