Mwanangu, hukuhitaji sababu

Mwanangu mpenzi,

Jana uliniambia kwenye simu kuwa leo unatimiza siku ya 12 ukimeza vidonge vya sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, huoni tofauti yoyote, na unafikiria kuviacha. Sikujua la kukujibu papo hapo. Nimeona heri niandike, maana kwa mdomo huwa nakuharakisha.

Kwanza nakuomba radhi. Likizo iliyopita niliuona mswaki wako umekauka siku nne mfululizo, nyuzi zake zimekakamaa. Mimi nikaona uvivu, nikakwambia ujikaze. Kila asubuhi nikawa nakuuliza, "Una nini?" Nawe unajibu, "Sina kitu, baba." Nikadhani unanificha. Kumbe ulikuwa unanieleza ukweli mtupu.

Tangu daktari alitaje jina la sonona, nimekuwa nikisoma usiku. Aliyenigusa kuliko wote ni Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni aliyefariki mwaka 934. Aliandika kuwa kuna huzuni yenye sababu inayojulikana, kama ya kufiwa au kupoteza mali, na kuna huzuni inayomjia mtu asijue imetoka wapi. Hii ya pili aliihusisha na mwili, hasa damu, akaitafutia tiba yake. Kuhusu damu alikosea, kama Wagiriki wa kale walivyokosea walipoisingizia nyongo nyeusi. Lakini zaidi ya miaka 1,000 iliyopita alishaelewa kile nilichoshindwa kukielewa ndani ya nyumba yangu: mtu anaweza kuzama bila kuwa na sababu ya kumwonyesha baba yake.

Dawa zenyewe zilipatikana kwa njia ambayo bado inanishangaza. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View kule New York, madaktari walikuwa wakijaribu dawa ya kifua kikuu iitwayo iproniazidi. Wagonjwa waliokuwa hoi wakaanza kula na kuchangamka, wengine wakacheza dansi ilhali mapafu yao bado yanaumwa. Mwaka 1957 daktari wa akili Nathan Kline akatangaza kuwa dawa hiyo inasaidia wenye sonona, ingawa baadaye iliachwa kwa kuwa ilidhuru ini. Mwaka uo huo, Uswisi, daktari wa akili Roland Kuhn akachapisha habari za dawa nyingine, imipramini. Alikuwa ameijaribu kwa wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mwingine wa akili, haikuwafaa. Hakuitupa, aliwapa wagonjwa wa sonona, akawafuatilia mmoja mmoja kwa jicho la karibu, akaona wanainuka. Nadharia zilikuja baada ya watu kupona.

Ndiyo maana usibabaike na maneno ya watu kuhusu serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva kwenye ubongo. Kwa miaka mingi ilisemwa kuwa sonona ni upungufu wake tu. Mwaka 2022 uchambuzi mpana wa tafiti haukupata ushahidi thabiti wa hilo, na wapo walioruka moja kwa moja kusema basi dawa ni bure. Hapo sikubaliani nao. Mguu hauvunjiki kwa kukosa plasta, lakini plasta huusaidia kuunga.

Vidonge vyako vinazuia seli za neva zisiirudishe ndani serotonini zilizoitoa. Hilo hutokea kwa saa chache tu, lakini nafuu huchukua wiki kadhaa, nne au hata sita. Wanasayansi wengi wanaona kuwa ubongo unahitaji muda kujipanga upya. Kwa hiyo siku ya 12 bado ni mapema, mwanangu. Na kama vinakusumbua, usiviache ghafla: mwambie daktari akupunguzie taratibu au akubadilishie. Wengi hawapati nafuu kwa dawa ya kwanza, wala si kosa lao.

Kuna jambo moja naomba ulichukulie kwa uzito. Tangu mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani imetaka dawa hizi zibebe onyo: kwa baadhi ya vijana, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka mwanzoni mwa tiba. Yakikujia, nipigie hata saa nane usiku. Usingoje kupambazuke.

Na usimwache yule mshauri unayezungumza naye kila wiki. Kule Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyejiua. Mgonjwa huyo alikuwa amekosa nauli ya kufika hospitalini. Kuanzia mwaka 2006 Chibanda akawafundisha bibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi, nje ya vituo vya afya, wawasikilize na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Bibi hao hawakuanza na neno la kitabuni. Walisema kufungisisa, neno la Kishona, yaani kufikiri kupita kiasi, kama nasi tunavyosema fulani ana mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika vituo 24, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliosikilizwa na bibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Niliposoma hayo niliweka kitabu chini. Benchi lilikuwepo hata hapa nyumbani, ni mimi tu sikuketi.

Jumamosi nakuja. Sitakuuliza una nini. Nitakaa karibu nawe, na ukitaka kulala, lala.

Baba yako