YAH: Kulazimishwa kufuta picha zangu kwenye shimo la 5

Kwa Meneja wa Uwanja wa Gofu,

Ndugu Meneja,

Salamu. Naomba uisome barua hii mwenyewe, usimpe msaidizi wako wa mapokezi akufupishie, kwa sababu naye yumo ndani yake.

Masharti yenu mnayajua kuliko mimi. Kifungu cha picha kinasema picha za biashara zinahitaji kibali, na kimeishia hapo. Hakitaji ukubwa wa kamera wala urefu wa lenzi. Jumamosi asubuhi msimamizi wenu wa uwanja alikiongezea maneno yake mbele ya watu.

Tulikuwa juu kwenye shimo la 5, tunasubiri watu wanne waliotutangulia watoke kwenye grini, lile eneo la majani mafupi lenye kishimo na bendera. Nikatoa kamera, nikapiga. Msimamizi akaja na kigari chake mbio, akasimama kati yangu na bonde, akanyoosha kidole. "Futa." Nikafuta ya kwanza. "Na hiyo. Na hiyo." Picha 31, moja baada ya nyingine, yeye ameinamia bega langu anahesabu kama karani wa ghala. Wenzangu watatu wamesimama na fimbo mikononi, hawajui watazame wapi.

Atakuambia nilichelewesha mchezo. Kanuni za gofu zinapendekeza mchezaji apige ndani ya sekunde 40 tangu awe na nafasi ya kupiga bila kizuizi. Nafasi ipi, na watu wanne wako mbele yetu wanapima mteremko? Au alitaka tuwapige mipira ya kichwa? Mlio wa kamera niliuzima tangu nyumbani, stendi ya miguu mitatu sikubeba, na hakuna mtu aliyekuwa ameinua fimbo. Kama ni kuchelewa, ninyi ndio mliotuchelewesha alfajiri ile karibu saa nzima kwa umande ulioganda. Sikunung'unika. Najua majani yaliyoganda yakikanyagwa yanakufa na nyayo zinabaki kahawia kwa siku nyingi. Nilikaa nikangoja jua kwa adabu.

Na jua hilo ndilo nililolifuata. Mlimani linachelewa kuuvuka ukingo, na likishauvuka linaingia kwa mshazari, kila kituta cha grini kinajichora kwa kivuli chake. Hudumu dakika chache. Ukija saa 6 mchana, uwanja uleule ni zulia bapa, hata ungekuja na kamera ya aina gani.

Lakini picha iliyoniuma si ya shimo la 5. Ni ya shimo la 3. Kaka yangu alikuwa amerudi uwanjani baada ya miezi mingi ya kuuguza goti. Hewa ya huko juu ni nyepesi, mpira unakwenda mbali kuliko ulivyozoea kwenda kule chini, kwa hiyo alichagua fimbo fupi, akapiga, na mpira ukapanda mpaka ukalikuta jua peke yake, mlima wote nyuma ukiwa bado gizani. Niliipata. Yeye chini, fimbo begani, mpira juu unang'aa.

Nirudi pale, maana sikusema yote. Ilipofika zamu ya picha hiyo nilimwambia, "Hii si ya hapa, bwana, ni ya shimo la 3." Akaweka kiganja juu ya lenzi. Kiganja kizima, juu ya kioo! Akasema kwa sauti iliyofika hadi bondeni, "Nyie wa kamera kubwa ndio mnaouza." Wale wanne wakageuka. Mmoja wao alikuwa ameinua simu anajipiga picha na bendera, na hakuna aliyemgusa. Nikafuta. Nilipomaliza ya 31 nikasema "samahani." Mimi ndiye niliyesema samahani, Ndugu Meneja, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi, si kiganja chake.

Mapokezi niliambiwa "ndiyo sera yetu", na juu ya meza hiyohiyo kulikuwa na bunda la kadi zenu za matokeo. Jalada lake ni shimo la 5, limepigwa kutoka palepale nilipokuwa nimesimama.

Jambo moja msimamizi wenu hakulijua. Picha ikifutwa, haitoki kwenye kadi ya kumbukumbu papo hapo. Inakaa hadi nyingine iandikwe juu yake. Sikupiga tena hata moja kwenye mashimo 13 yaliyobaki. Nyumbani nilirudisha 24. Mojawapo inaonyesha wale wanne wakiwa bado kwenye grini, na saa ya kupigwa imo ndani ya faili, mkitaka kubishana. Ya kaka imerudi nusu. Anga ipo, mpira upo, na chini ni rangi ya kijivu tupu. Kaka hayupo.

Nilipoanza kuandika nilitaka radhi tu. Sasa naitaka kwa maandishi, yenye saini yako na si ya mapokezi, na kaka yangu atajwe ndani yake. Nataka pia ada ya mchezo irudishwe, ya sote wanne. Na kabla sijasahau, msimamizi yule afundishwe kile kifungu, au mkibadilishe na mtundike mlangoni kwamba kamera kubwa ni kosa, ili watu wasilipe kwanza wakaaibishwa baadaye.

Nawapa siku 14. Siku ya 15 barua hii, pamoja na picha zote 24, itakwenda kwa mamlaka ya kulinda walaji, na baada ya hapo sitapokea simu yenu.

Vocha ya mchezo wa bure msinitumie.

Wenu,
Mteja wa Jumamosi, kundi la pili asubuhi

Nakala: Wakili wangu (ameshaisoma)